Anayekaa Hatazami

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "dada, naingia mkutanoni" kabla sijamaliza hata kukusalimia. Barua huwezi kuikata. Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo?

Habari ya huku ni hiyo mnayoipika ninyi huko. Tumetangaziwa rasmi kwamba chuo chetu cha sanaa kinaunganishwa na chuo kikuu chenu. Mkuu wetu alituita ukumbini akasema ni kama ndoa. Mimi naona bibi harusi amebebwa pamoja na kitanda chake, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Tulipiga makofi, yale makofi ya watu wanaotazamana.

Baadaye kila mfanyakazi aliambiwa aseme yuko kundi gani: walimu, utawala, ufundi au usafi. Mimi sikupata kundi. Kazi yangu unaijua. Napanda jukwaa la darasa la mkaa, nakaa kwenye kiti, wanafunzi wananichora, na nguo zangu zote mwilini, kwa hiyo usianze. Mwalimu Mkaa (ndivyo tunavyomwita, maana vidole vyake sijawahi kuviona na rangi nyingine) anazungusha chaki kwenye viatu vyangu, ili nikishuka kunywa chai nirudi palepale. Kisha kimya kinaingia. Vipande vya mkaa vinakwaruza karatasi kama panya wanaotafuna mahindi ghalani, mwanga wa madirisha ya juu unashuka ukutani polepole, nami naondoka bila kuondoka. Juzi nilikuwa jikoni kwa mama. Alikuwa anapepeta kitu kwenye ungo, hakuinua uso, lakini alijua nimeingia, akasogeza kigoda kwa mguu ili nikae. Nilipozinduka mwanga ulikuwa umeshafika sakafuni.

Tangu shemeji yako afariki, pale ndipo mahali pekee ambapo siisikii nyumba ikiwa tupu. Siombi cheo. Nataka kiti changu kibaki. Wewe uko ofisi ya mipango, niulizie.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada, shikamoo.

Sote wazima. Wifi yako anasema barua yako ina maneno mengi kuliko niliyomwambia yeye mwaka mzima, na amekasirika kidogo.

Nimeulizia. Keti vizuri, ingawa wewe ndiyo kazi yako. Bwana stoo wa chuo chenu, kwa nia njema kabisa, alikuandika kwenye vifaa vya darasa la mkaa, kati ya ngazi na mapazia. Kamati ya kuunganisha vyuo ilipofika hapo, mjumbe mmoja akauliza kifaa hicho kilifanyiwa matengenezo lini mara ya mwisho. Mimi ndiye mwandishi wa kamati. Nikasema, "Waheshimiwa, kifaa hicho ni dada yangu." Mjumbe yule akalifuta swali lake.

Kwa hiyo sasa wanajua kwamba wewe ni mtu. Kinachofuata ni kuwashawishi kwamba wewe ni kazi. Mwenyekiti anapenda kila kazi iwe na maelezo yanayopimika, la sivyo anaifuta. Wapo pia wanaosema wanafunzi wachore kutoka kwenye picha za kompyuta, umeme upo, mtu wa nini? Lakini niachie mimi. Nimekaa kwenye kamati miaka yote hii bila kupata faida yoyote, hii nitaipata.

Nitumie mchoro mmoja wanaokuchora, mzuri kuliko yote, niwaonyeshe.

Mdogo wako, Bwana Kamati


Tarehe 30 Machi

Bwana Kamati,

Nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kama napigiwa simu na mchumba.

Mchoro sina. Sijawahi hata kuuona mmoja. Darasa letu lina miiko miwili tangu enzi za mwalimu wa kwanza. Anayekaa hatazami michoro. Na anayechora hamwambii anayekaa lolote kuhusu mwili wake. Ukiona chunjua, chora chunjua, ufunge mdomo. Mwalimu Mkaa anasema bila hivyo mtu wa kitini ataanza kujipanga, na wachoraji wataanza kumpendeza. Kengele ikilia wote wanageuzia ukutani mbao zao za kuchorea, nami napita katikati yao kama mtu anayepita kwenye nyumba ya watu waliolala. Hao watoto wananijua kuliko daktari, na sijui wanachokijua. Muombe Mwalimu mwenyewe.

Wiki hii walihamisha sanamu za plasta kuzipeleka kwenye jengo lenu la mjini. Gari la kuzibeba halikuja, kwa hiyo wanafunzi walizibeba mikononi. Nilisimama dirishani. Barabara nzima ilijaa vichwa vyeupe na miguu myeupe, vinapita taratibu kwenye jua, watu wa kituo cha basi wanasogea kando kupisha. Binti mmoja alikuwa amebeba mkono wa plasta, na alivyoukumbatia ungesema unamwongoza njia. Nikajiona nami nimo, nimebebwa nimelala chali, natazama mawingu, sijui napelekwa wapi na wala siulizi. Moyo uliniuma kidogo, halafu ukapoa.

Mwili haujambo. Mkono wa kushoto tu siku hizi una mambo yake. Naufunika kwa mtandio.

Dada yako


Tarehe 21 Aprili

Dada,

Mkono upake mafuta ya moto jioni, ni baridi hiyo, wala usijitie hofu.

Sasa sikia. Nafasi yako inakaribia kupita! Nimeiandikia maelezo mwenyewe, na Mwenyekiti ameyapenda: "Mhusika ataketi mbele ya darasa kipindi kizima, bila kutikisika." Maneno mawili hayo ya mwisho ndiyo yaliyomlainisha. Alisema hatimaye kuna kitu kinachopimika kutoka kwa watu wa sanaa. Nikayapigia mstari nikamwambia, huyu dada yangu akitulia ni maji ya mtungini.

Tatizo ni hao wachoraji wako. Mwalimu Mkaa alituletea michoro ya muhula mzima. Dada, nilitaka kuingia chini ya meza. Uso sawa, nguo sawa, kiti sawa, lakini ukifika mkono wa kushoto, balaa. Mistari miwili miwili, mitatu mitatu, kidole kimoja kimechorwa mara nne kama mtu anayetafuta pa kukiweka. Darasa zima! Mwenyekiti alicheka, akasema hawa wanafunzi hawana uhakika hata wa mkono, watakuwa na uhakika wa nini? Mwalimu Mkaa alikuwa amealikwa, nikamwangalia ajitetee. Alinyamaza. Anafuta vidole kwenye suruali, amenyamaza.

Basi mimi nikakutetea wewe. Nikasema kosa si la anayekaa, dada yangu ametulia, kosa ni la wanaochora. Ikakubalika. Sasa inapendekezwa darasa la mkaa lifungwe, wanafunzi wahamishiwe uchoraji wa kompyuta, na wewe ukae kwa ajili ya darasa la upigaji picha, ambalo ni la kisasa na lina viti vizuri zaidi. Kikao cha mwisho ni mwezi ujao.

Umepata, dada. Nilikuambia niachie mimi.

Bwana Kamati


Tarehe 26 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nilitoka nikaenda darasani, wakati wa chakula, hakuna mtu. Nikavunja mwiko.

Niligeuza mbao moja baada ya nyingine hadi nikawa nimezungukwa na mimi. Sijui nikueleze vipi. Kuna mwanga ule wa pale juu, vumbi la mkaa linaelea, na wanawake wote wale wamekaa wamenitazama, wana shingo ya mama, wana ule mdomo wangu ambao mume wangu alikuwa akisema unakaribia kusema jambo. Walikuwa wazuri. Sikujua kama mimi ni mzuri hivyo. Na kila mmoja, kwenye goti lake la kushoto, ana mkono unaotetemeka.

Hawakukosea. Mkono wangu unatetemeka. Ulianza kidole kimoja, wakati wa mvua zilizopita, nikadhani uchovu. Sasa ni mkono wote, hasa nikiutuliza. Nikishika kikombe unaacha. Nikiuweka gotini unaanza kazi. Nilidhani mtandio unaficha. Mwalimu aliniomba niuondoe, akasema anataka mwanga ufike pale, nami nikauondoa nikauma meno, nikijiambia hawaoni. Waliona tangu siku ya kwanza. Walichora walichokiona na wakafunga mdomo kama walivyofundishwa. Hata Mwalimu mbele ya kamati yenu alinyamaza kwa sababu hiyohiyo. Angejitetea vipi bila kunisema mimi?

Nimeona aibu, mdogo wangu. Si ya kutetemeka. Ya kwamba wale watoto wanachekwa kwa sababu wameniona vizuri.

Waambie wanakamati ukweli. Darasa lisifungwe. Kiti nitakikosa, najua.

Dada


Tarehe 4 Mei

Dada,

Nina hasira nawe, na nikimaliza hasira nina woga, kwa hiyo naandika haraka kabla sijafika kwenye woga.

Tangu mvua zilizopita! Ulinitania, ulinisimulia sanamu na mawingu, hilo ukalipitisha mlango wa nyuma: "mkono una mambo yake". Nami nikakuambia paka mafuta. Unanifanya niwe mjinga katika barua yangu mwenyewe. Baba alianza vilevile? Unakumbuka? Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alikuwa akiukalia mkono wake.

Sitawaambia. Sikiliza kwanza. Nafasi imepita kwa jina lako. Ina matibabu, ina likizo, ina kila kitu ambacho hujawahi kuwa nacho, na sasa ndiyo unakihitaji. Darasa la picha halihitaji utulie sana, kamera ni ya haraka, hakuna atakayeona. Wanafunzi ni vijana, watajifunza kompyuta, hawatakufa. Mwalimu Mkaa karibu anastaafu. Nikisema ukweli utabaki na nini? Na kiti tupu na mkono huo?

Tia saini ukiletewa. Nakuomba kama mdogo wako, si kama kamati.

Mimi


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Ndiyo, baba aliukalia. Nilikuwa naona. Sitaki kuukalia wangu.

Kikao chenu ni Alhamisi ijayo. Naijua njia.

Dada


Tarehe 18 Mei

Dada,

Uliondoka kikaoni bila kuniaga. Nilishuka ngazi nikikufuata, nikafika barabarani basi limeshakata kona, nimebaki na kalamu mkononi kama mwendawazimu. Kwa hiyo nakuandikia, ili ujue kilichotokea baada ya mlango kufungwa.

Kwanza niseme nilichokiona mimi, maana ulikuwa umetazama dirishani muda wote na hukuniangalia hata mara moja. Ulipoomba kiti nilidhani umechoka. Ulipokiburuta hadi mbele ya meza ya Mwenyekiti, ukakaa, ukatoa mtandio, ukauweka mkono gotini na kusema "Sasa tazameni michoro," nilitaka nikimbie kukufunika. Sikuinuka. Michoro ilipita mkono kwa mkono. Nilikutazama, kisha mchoro, kisha wewe. Kidole kile kilichochorwa mara nne, kilikuwa pale, kinafanya vilevile. Dada, katika maisha yetu yote sijawahi kukutazama muda mrefu hivyo. Chumba kilikuwa na mwanga wa ajabu, au ni macho yangu. Nilisikia ungo wa mama.

Ulipotoka, Mwenyekiti alikohoa, akasema tuendelee na ajenda. Hapo mama mmoja wa kitivo cha udaktari, yule mnene aliyekaa karibu na mlango, ambaye tangu Januari hajawahi kusema zaidi ya "naunga mkono", alisimama. Alipanga michoro mezani kwa tarehe, ya mwezi wa pili hadi ya wiki iliyopita. Akasema, "Mnaona unavyopanda? Kidole, kiganja, mkono. Mimi nafundisha watu kuona hiki kwa miaka mitano na wengine wanamaliza hawajakiona. Hawa wamekiona na hakuna aliyewaambia watafute nini." Akageuka kwa Mwalimu Mkaa akamuuliza kama wanafunzi wake wa udaktari wanaweza kuja kukaa darasani kwake kuchora. Mwalimu Mkaa alisema wanaweza, mradi wanaweza kufunga mdomo.

Darasa la mkaa halifungwi. Limekuwa la vitivo viwili. Mwenyekiti anasema huo ndio muungano aliokuwa akiutaka tangu mwanzo, na mimi nimeandika hivyo kwenye kumbukumbu, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Yule daktari alinifuata baadaye. Anasema usikae na jambo hili nyumbani, kuna vipimo, kuna dawa zinazosaidia mtu kuendelea vizuri kwa muda mrefu. Amenipa siku ya kukuona. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, na simu nitaizima.

Limebaki moja, na kuliandika kunaniuma. Mkataba wako umechapishwa kama ulivyopitishwa, na lile neno langu limo: bila kutikisika. Mimi ndiye niliyekufungia mlango, dada, kwa maneno yangu mawili ya kujipendekeza. Mwenyekiti anasema kubadilisha kunahitaji kikao kingine, na kikao ni hadi muhula mpya uanze. Nimeutia humu ndani uuone tu, usiusaini; nimeutuma ili usije ukasema nimekuficha. Ninasikitika mno.

Mdogo wako


Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Asante kwa kunipeleka kwa daktari. Asante pia kwa kutoniuliza njiani nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba unaendesha gari kama baba, umeushika usukani kana kwamba unataka kukuponyoka. Dawa nazinywa. Zinanipa ndoto za rangi nyingi. Jana ngazi zote za chuo kikuu zilikuwa za chaki, na watu walizipanda wakafika juu weupe.

Leo lilikuwa darasa la kwanza la vitivo viwili. Mkataba haujasainiwa, lakini Mwalimu Mkaa alinitumia ujumbe kwamba kiti kiko pale na yeye hajui kusoma mikataba. Nikaenda. Jengo ni lenu, refu, lina harufu ya rangi mpya, na chumba walichopewa kilikuwa cha mitihani. Wameondoa nusu ya taa. Ukutani bado imeandikwa "Kimya", na Mwalimu amekataa isifutwe.

Waliingia wale wa udaktari na makoti yao meupe, wakashika mkaa kama watu walioshikishwa kinyonga. Dakika chache makoti yakawa madoadoa. Mwalimu alipiga chaki kuzunguka viatu vyangu. Nikatoa mtandio. Niliogopa, mdogo wangu, nakuambia kweli, maana sijawahi kukaa pale nikijua wanachokitazama. Mkono ukaanza kazi yake. Hakuna aliyesita. Mikwaruzo ikaanza upande wa kulia, ikaenea chumba kizima, nami nikasubiri nione kama nitaweza bado kuondoka.

Nikaondoka. Safari hii sikwenda kwa mama. Nilikuwa napita kwenye korido ndefu yenye milango pande zote, kila mlango uko wazi, kila chumba kuna mtu anafanya jambo kwa makini, mmoja anashona, mmoja anahesabu mifupa, na hakuna anayeniuliza nimetoka chuo gani. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata humo ndani ya ndoto, ukinitangulia, nami nikiufuata bila haraka. Mume wangu alikuwa kwenye chumba kimoja. Alinitazama mkono, akatabasamu, akaendelea na gazeti lake.

Kengele ilipolia, kijana mmoja wa udaktari akasahau mwiko, akaniambia, "Mama, samahani, mkono wako sikuupata vizuri." Darasa zima likamgeukia. Nikamwambia arudi kesho, utakuwepo.

Kwa hiyo siusaini huu mkataba, nakurudishia. Msubiri muhula mpya, muitane, mkae kikao chenu, mnywe chai yenu. Usiwaombe wanionee huruma. Usiongeze sentensi yoyote nzuri, nakujua. Futa maneno mawili tu, bila kutikisika. Hayo mengine yote nayaweza.

Dada yako